Namna Nilivyochagua Prosesa

Tangu tulipofungua shule mwezi wa Septemba, hapana juma linalopita bila mwenzangu mmoja kunijia bwenini na kuniuliza, "Bwana, ni kweli umeunda kompyuta ya michezo huko kwenu Gitambi? Umetia prosesa gani?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Tena gazeti letu hili husomwa na kaka zetu waliokwisha maliza shule, ambao wengine wana mishahara na wanaipenda michezo hiyo kuliko sisi. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike habari yote mara moja, pamoja na makosa yangu.

Kwanza habari ya fedha, maana ndiyo iliyoamua mambo yote. Katika likizo ndefu ya mwaka 2025 nilikuwa na faranga 220,000. Katika hizo, 140,000 zilikuwa zangu mwenyewe. Nilizipata kwa kuvuna mpunga bondeni Bugarama, nikaongeza akiba yangu ya mwaka uliotangulia. Zile 80,000 nyingine nilikopeshwa na shangazi yangu, auzaye vitenge sokoni Kamembe. Nilimweleza shauri langu: kompyuta itakaa katika kibanda cha mama pale senta, na vijana watalipa faranga 100 kwa kila mchezo mmoja wa mpira. Alinisikiliza huku akikunja vitenge vyake, kisha akasema, "Mwanangu, fedha hizi si zangu, ni za mzigo. Desemba nitakwenda kuchukua mzigo mpya. Usije ukaniletea hadithi badala ya fedha."

Nikamjibu, "Ndiyo, Shangazi." Baba yangu yeye hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, na wanaomjua baba wanajua maana yake.

Sasa nieleze prosesa ni kitu gani, maana wadogo zetu wa kidato cha kwanza husema prosesa wakimaanisha sanduku zima. Prosesa ni kipande kidogo ambacho ukikitia kiganjani kinaenea na nafasi inabaki. Ndicho kinachofanya hesabu zote za mashine. Ile ya kwanza iliyouzwa na kampuni ya Intel mwaka 1971, iitwayo 4004, ilikuwa na transista 2,300 tu. Za siku hizi zina transista mamilioni elfu. Ndani yake mna viini. Viini hivyo ni kama watu wanaopiga mpunga uwanjani: wakiwa wanne kazi hugawanyika kwa wanne, wakiwa wawili hugawanyika kwa wawili. Lakini kama mganda ni mmoja, hata ukileta watu wanane, mmoja atapiga na saba watasimama kumtazama. Ndivyo ilivyo michezo mingi ya zamani. Kwa hiyo idadi ya viini ni jambo kubwa, lakini nguvu ya kiini kimoja kimoja ni jambo kubwa vile vile.

Halafu kuna gigahetsi. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, na mimi karibu nilidanganyika. Gigahetsi ni hesabu ya mapigo kwa sekunde, wala haikuambii kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Prosesa ya miaka ya karibuni hufanya kazi nyingi zaidi kwa pigo moja kuliko ile ya zamani, ijapokuwa gigahetsi zao ni sawasawa.

Kwa muda wa majuma mawili nilikuwa na daftari, na kila jioni niliandika na kufuta. Shauri la kwanza lilikuwa Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2021. Hiyo ina viini 6, na herufi ile G maana yake ina sehemu yake yenyewe ya kuchora picha, hata huhitaji kununua kadi ya picha. Niliipenda sana, nami naipenda hata leo. Nikampigia simu muuzaji mmoja wa Kigali. Bei ya prosesa pamoja na ubao wake ilikuwa imekwisha kula fedha zangu karibu zote, na bado sina kumbukumbu ya RAM, sina sanduku, sina diski, sina kioo. Nikaifuta.

La pili lilikuwa ndugu yake mdogo, Ryzen 3 3200G ya mwaka 2019, yenye viini 4 na picha zake mwenyewe. Hii ndiyo iliyonisumbua usiku. Bei yake ni ya kadiri, na ubao wake hukubali baadaye kutia ile 5600G bila kubadili kitu kingine, ila kuiandikia programu mpya ya ubao. Mtu mwenye faranga 350,000 ningemwambia aanze hapo wala asitazame nyuma. Ila anunue RAM vipande viwili vya GB 4, asinunue kimoja cha GB 8, maana sehemu ya picha ya prosesa hizo hutumia RAM hiyo hiyo, na vipande viwili huipitishia habari kwa njia mbili. Kwangu mimi hesabu ilizidi kwa faranga 90,000. Nilijaribu kuondoa hiki na kile, mpaka nikaondoa kioo, ndipo nilipocheka peke yangu.

La tatu ni Intel i3-12100F ya mwaka 2022. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja aliisifu sana, na kweli viini vyake 4 vina nguvu kuliko vyote nilivyovitaja, kiini kwa kiini. Lakini itazameni ile herufi F. Maana yake haina picha kabisa. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi kama usiku. Herufi moja tu, ndugu zangu, nayo ina gharama ya kadi nzima.

Basi ikabaki njia ya nne, nayo ndiyo ya watu wa kipato chetu: kununua kompyuta kuukuu ya ofisini, iliyokwisha tumika Ulaya, na kuigeuza. Mashine hizo zimejaa huku kwetu, na nyingi zina prosesa za Intel za miaka ya 2011 hata 2014. Kazi ni kujua ipi ni ipi.

Nilikwenda Kamembe siku ya soko, nikaingia duka moja ambalo sitalitaja jina. Mwenye duka alinikaribisha vizuri, akanionyesha sanduku jeusi lenye stika ya i7 inayong'aa. "Bosi wangu," akasema, "hii ni i7. Marafiki zako wana i3 na i5, wewe utakuwa na i7. Faranga 150,000, kwa sababu ni mwanafunzi." Moyo wangu ulidunda. Nilijiona nimekwisha fika Gitambi, vijana wamenizunguka, wanaitazama ile stika.

Nikamwomba aiwashe. Akasita kidogo, akaiwasha. Nikabonyeza kitufe cha Windows na herufi R, nikaandika dxdiag, kama tulivyofundishwa hapa shuleni na mwalimu wetu wa kompyuta. Kumbe ndani mlikuwa na i3-2120 ya mwaka 2011, viini 2. Nikamwambia, "Mzee, mbona hii ni i3?" Hakuona haya. Alisema stika ilibandikwa huko ilikotoka, tena akaniambia niitazame gigahetsi: "Hii ni 3.3, ile i5 unayoitaka ni 3.2. Ipi kubwa?" Kwa hesabu za darasa la kwanza alishinda. Nilimshukuru, nikatoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nayo stika ile ilikuwa imetembezwa mpaka imechanika pembe.

Hata i7 ya kweli isiwatie wazimu. Tazameni tarakimu zinazofuata. Katika i5-3470 tarakimu 3 ya mwanzo yaonyesha kizazi cha tatu. i7-870 ina tarakimu tatu tu, maana yake ni ya kizazi cha kwanza kabisa, mwaka 2009. Na i7 za kompyuta za mapajani, kama i7-7500U, nyingine zina viini 2 tu, ingawa zinaitwa i7 kwa fahari ile ile.

Kwa nini nilitafuta i5-3470 hasa? Sikuiota. Mchezo wa GTA V ulipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji waliandika prosesa wanazozipendekeza, na kwa upande wa Intel waliandika i5-3470. Ni prosesa ya mwaka 2012, viini 4, gigahetsi 3.2 ambazo hupanda mpaka 3.6, nayo hula wati 77 kwa wingi. Nikasema, kama inatosha mchezo mzito namna ile, PES 2017 ya mpira haitaishinda. (GTA siwachezeshi watoto, maana umewekewa alama ya miaka 18. Niliutumia kupima mashine, nami nina miaka 19. Mama hasadiki.)

Fundi mmoja mzee wa Bugarama alikuwa nayo, katika sanduku jembamba la ofisi, RAM GB 4 na diski ya GB 500. Tuliifungua pamoja, tukaiwasha, tukaitazama. Faranga 105,000. Kioo kuukuu 35,000, RAM nyingine ya GB 4 kwa 10,000, kibodi na vishikio viwili vya kuchezea 15,000. Kadi ya picha ilikuwa GT 1030 iliyotumika, 50,000. Niliichagua kwa sababu inakula wati 30 tu, na sanduku kama lile lina umeme wa wati 240, usiotosha kadi kubwa. Ila mjihadhari: GT 1030 ziko za namna mbili, na ile yenye kumbukumbu ya DDR4 ni nzito sana kuliko ile ya GDDR5, ingawa jina ni moja.

Hapo nilifanya kosa langu. Sikupima. Kadi yenyewe ilikuwa fupi, lakini kile kibati chake cha kushikizia kilikuwa kirefu, sanduku halikufunga. Fundi alikifungua kibati, akaiacha kadi imekaa bila kushikizwa, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Asiyejua akilisukuma sanduku, picha hupotea.

Siku ya kwanza vijana walijaa kibandani. Baada ya dakika 20 mchezo ukaanza kwenda kwa vituo, kama gari linalopanda mlima kwa gia moja. Wakaanza kunong'ona. Nami moyoni nikamwona shangazi. Nilitazama joto la prosesa: digrii 96. Huku tunakoteremkia Bugarama hali ni ya joto kuliko pengine pote Rwanda, maana mto Rusizi ndipo mahali pa chini kabisa pa nchi yetu, mita 950 juu ya bahari. Na prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Nikawarudishia vijana fedha zao, faranga 400. Usiku ule nilitoa feni, nikakuta ile dawa nyeupe inayopitisha joto imekauka kama chokaa. Nikaifuta kwa spiriti, nikatia mpya kiasi cha punje moja ya mpunga, nikapuliza vumbi lote. Kesho yake ilikuwa digrii 71, na haijapita hapo tena.

Tangu hapo PES inakwenda vizuri, na GTA hupata picha 50 hata 60 kwa sekunde nikipunguza mapambo. Lakini nisiwafiche hasara. Windows 10, Microsoft waliacha kuitunza bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa desturi hutaka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. Yangu ni ya 3. Michezo mipya ya mpira imeniacha nyuma pia: EA Sports FC 24 hutaka walau i5-6600K. Tena ubao wangu hauwezi kupokea kitu cha maana zaidi ya i7-3770. Nilinunua mwisho wa njia, nami nilijua ni mwisho wa njia. Aliye na fedha zaidi achukue ile Ryzen 3, kwa sababu yeye atakuwa mwanzo wa njia.

Sasa mdogo wangu ndiye anayeendesha kazi jioni, na mama anashika fedha, kwa maana mdogo wangu hashiki. Umeme ni wa kulipia kabla, nao haujatuumiza. Mashine nzima ikicheza saa sita haimalizi uniti moja. Shangazi amekwisha pokea faranga 65,000. Zimebaki 15,000, na Desemba haiko mbali.

Juma lililopita fundi wa Bugarama alinipelekea salamu kwamba amepata i7-3770 ya kweli, si ya stika, na anataka 30,000. Nimemjibu aiweke kando mpaka shangazi apate zake kwanza.