Mapiko na Mpingo Baada ya Kuvuka Ruvuma

Wamakonde waliotoka uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wakavuka mto Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wenzao waliowafuata wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, walikuja na ujuzi wa kuchonga na ngoma ya mapiko. Lipiko, au mapiko kwa wingi, ni kinyago cha mti mwepesi kinachofunika kichwa kizima cha mchezaji, na zamani wanawake na watoto waliaminishwa kuwa anayecheza ni mzimu wa marehemu, siri ambayo mvulana aliijua alipoingia jandoni. Sanaa hiyo, kwa hiyo, ilirithishwa pamoja na utu uzima wenyewe.

Ugenini, mnunuzi aliingia kati. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera akiwa mashuhuri miongoni mwao, walitafuta vinyago vya kupamba nyumba, na wachongaji wakazidi kuuegemea mpingo, mti mgumu na mzito usiofaa kuvaliwa kichwani. Katika biashara hiyo ndimo ilimochipuka mitindo miwili mikubwa: shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa, wenye maumbo ya viumbe wa ajabu, na ujamaa, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, ambao ni nguzo ya watu waliobebana, kizazi juu ya kizazi, ndani ya gogo moja. Wapo wanaouita uchongaji huo sanaa ya watalii, lakini hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu fedha za mpingo ndizo zilizowaweka vijana karibu na wazee wao, wakianza kwa kupiga msasa kabla ya kukabidhiwa tezo na patasi.

Kwa upande wa ngoma, kilichopungua ni maelezo ya maana yake. Katika tamasha la MaKuYa la Mtwara, lililoanza mwaka 2008 na kubeba jina la Wamakonde, Wamakua na Wayao, ngoma za jadi huchezwa uwanjani mchana kweupe, mbele ya watu wa kila jinsia na rika. Uwazi huo umeziokoa ngoma nyingi, ila mtoto anayeshangilia uwanjani hapati mafunzo aliyoyapata babu yake jandoni. Waandaaji wa matamasha na walimu wa Mtwara wawape wazee nafasi ya kufundisha, na wawalipe kama wanavyolipwa wachezaji.