Pancha njiani: Watoto wakae wapi?

Wazazi wengi wa Kyela wanaijua kwa kichwa ratiba ya chanjo za watoto wao. Wanajua chandarua kimetoboka wapi, na masika yakianza wanachemsha maji ya kunywa bila kukumbushwa na mtu. Lakini ukiwauliza matairi ya gari linalowabeba watoto hao yana umri gani, wengi hujibu, "Hayo muulize dereva."

Kwa barabara za huku, tairi nalo ni suala la afya ya familia.

Tukuyu iko takriban mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kyela na ufukwe wa Ziwa Nyasa ziko karibu mita 500. Maana yake ni kwamba gari linalotoka Tukuyu kwenda Kyela linashuka zaidi ya kilomita moja kwenda chini, ndani ya safari isiyofika kilomita 60. Juu kuna baridi na ukungu, chini kuna joto. Katikati kuna kona, miteremko, na malori yanayokwenda mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, yakiwemo yanayobeba mafuta.

Kisha kuna mzigo. Nani anatoka Kyela mikono mitupu? Mchele lazima, mbasa kidogo, dumu la mawese, na aliyefika Matema ataongeza chungu. Gunia moja la kilo 100 ni uzito wa mtu mzima na mtoto juu yake. Weka magunia mawili nyuma ya Noah yenye watu sita, halafu matairi yawe na upepo mdogo. Kila gurudumu linapozunguka, tairi hilo linabonyea na kujikunja pembeni, linapata joto, na tabaka zake za ndani zinaanza kuachana. Tairi kama hilo linaweza kupasuka bila kukanyaga msumari hata mmoja.

Dakika tano kabla ya safari

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi likishapata joto kipimo hupanda na kudanganya. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva, pamoja na kiwango cha gari likiwa limejaa. Kulipiga tairi teke si kupima.

Halafu tazama mifereji ya tairi. Ndani yake kuna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukishalingana na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni kama milimita 1.6, na tairi limeisha. Mifereji hiyo ndiyo inayosukuma maji pembeni. Mvua ikinyesha kwenye lami ya Kikusya kwenda Ipinda na Matema, tairi kipara huelea juu ya maji, na usukani hausikii tena.

Anayenunua tairi la mtumba asome ubavuni mwake. Kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, na likifika miaka kumi liachwe hata kama linaonekana jipya. Spea nayo inahesabika, na ipimwe upepo kama nyingine.

Watoto wafungwe mikanda hata kama safari ni ya kwenda Ipinda tu. Kwenye mteremko, dereva atumie gia ndogo ili breki zisichemke.

Likipasuka

Tairi likipasuka gari huvuta upande mmoja na dereva hutamani kukanyaga breki kwa nguvu. Asifanye hivyo. Ashike usukani kwa mikono miwili, alinyooshe gari, aachie mafuta taratibu, na likishapungua mwendo alitoe kushoto nje ya lami. Asisimame kwenye kona wala mtelemko. Ni afadhali kusogea polepole hadi mahali tambarare hata kama rimu itaharibika. Rimu hununuliwa.

Awashe taa za hazadi, avute breki ya mkono, aweke kiakisi cha pembetatu hatua 50 au zaidi nyuma ya gari. Kama kuna kona nyuma, kiwekwe kabla ya kona. Nati zilegezwe kabla ya jeki kupandishwa, gurudumu la upande wa pili lizuiwe kwa jiwe, na mtu asiingie chini ya gari. Kazi ikiisha, mawe na matawi yaliyowekwa barabarani yaondolewe. Yakiachwa, usiku yatamwangusha mwingine.

Ajali ya pili

Madereva wengi wanayajua hayo. Kinachosahaulika ni watoto.

Mama mmoja wa Kyela mjini, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa akirudi kutoka Matema Jumapili jioni na mumewe, mama mkwe na watoto watatu. Walipoipita Ipinda, tairi la nyuma kulia likapasuka. Mumewe alilimudu gari vizuri, akalitoa pembeni. Watoto wakashuka kwa shangwe. Wawili wakakalia spea iliyokwisha kutolewa, nyuma kabisa ya gari, na mkubwa akashika tochi ya simu ili baba yake aone nati.

Bibi ndiye aliyesema, "Mwanangu, watoe watoto hapo nyuma."

"Dakika tano tu, mama, tunamaliza," mwanawe akajibu.

"Hizo tano ndizo ninazoziogopa."

Mama akawavusha watoto upande wa pili wa mtaro, chini ya mkakao. Hazikupita dakika nyingi, bodaboda isiyo na taa ikaja na kugonga nyuma ya Noah, pale pale walipokuwa wamekaa. Spea ilirushwa mtaroni. Kiakisi kilikuwa bado ndani ya buti, chini ya magunia.

Watoto hawakuguswa. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu na kuchanika paja. Vijana waliofika walitaka kumpakia mshikaki kwenye pikipiki nyingine wamwahishe hospitali. Mama akakataa. Alikunja kitenge, akakibana juu ya jeraha kwa viganja viwili bila kuachia hadi damu ikapungua. Bibi akamshika kichwa kisitikisike. Akaja mwenye pikapu, majeruhi akabebwa na watu wanne na kulazwa akiwa amenyooka.

Walifanya sahihi. Majeruhi anayeweza kuwa ameumia shingo au mgongo asikunjwe wala kuinuliwa hovyo, isipokuwa kama kuna moto, maji au magari yanayomfuata. Asinyweshwe chochote. Kofia ngumu ibaki kichwani kama anapumua vizuri. Asiyejitambua lakini anapumua alazwe kwa ubavu, mwili ukigeuzwa kwa pamoja. Polisi wanapatikana kwa 112, zimamoto kwa 114.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaoishi kando ya njia ya malori. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki dunia. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote. Mtoto wa Ibanda au Kasumulu anapaswa kujua kwamba lori likianguka anakimbia kulikimbia, hata kama majirani wanakwenda na ndoo.

Kwa gari la familia, kanuni ni fupi. Wote washuke kwa milango ya kushoto, upande usiopitwa na magari. Mtu mzima mmoja abaki na watoto na wengine wabadilishe tairi. Watoto wakae mbali na lami, ng'ambo ya mtaro kama unavukika, pembeni ya gari na si nyuma wala mbele yake. Simu ya tochi ishikwe na mkubwa.

Mazungumzo haya yanafaa kufanyika mezani kabla ya safari, wakati hakuna mwenye hofu. Muulize hata yule mdogo kabisa: tukipata pancha, unashukia mlango gani, na unamshika nani mkono?