Norman McLaren: Majaribio ya Fani na Uzito wa Maudhui

Imezagaa dhana katika uhakiki kwamba msanii anayezama mno katika majaribio ya fani huwa ameyakimbia maisha. Kazi za Norman McLaren (1914–1987), mtengenezaji wa filamu za katuni aliyezaliwa Stirling, Uskoti, zinaibatilisha dhana hiyo.

Majaribio yake yalizaliwa na uhaba. Alipokuwa mwanafunzi wa sanaa mjini Glasgow hakuwa na kamera. Alichukua utepe wa filamu kuukuu, akausugua hadi picha zikafutika, kisha akachora juu yake kwa mkono. Mwaka 1941 alijiunga na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada na kuuendeleza ufundi huo. Katika Begone Dull Care (1949), aliyoitengeneza pamoja na Evelyn Lambart, rangi na mikwaruzo hucheza kwa kufuata piano ya Oscar Peterson. Hata sauti aliweza kuichora kando ya picha.

Je, huu ni uchezeaji wa fani tu? Jibu limo katika Neighbours (1952), filamu ya dakika 8 aliyoitengeneza baada ya kurejea kutoka China, Vita vya Korea vikiendelea. Waigizaji halisi walipigwa picha fremu baada ya fremu, wakasogea mithili ya vikaragosi. Majirani wawili wanagombea ua moja lililochipuka mpakani. Wanabomoleana nyumba, kila mmoja anaua mke na mtoto wa mwenziwe, na mwishowe wanauana wenyewe. Mwendo ule wa kikaragosi ndio mtego: mtazamaji hucheka kwanza, kisha akakionea haya kicheko chake.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Hata hivyo, sehemu ya mauaji ya akina mama na watoto ilikatwa ili ioneshwe Marekani na Ulaya. Ilirejeshwa baada ya Vita vya Vietnam kuigeuza hadhira. Fani tupu hailetewi mkasi.

Mbegu hiyo ilifika Afrika. Moustapha Alassane wa Niger, aliyejifunza kwa McLaren huko Kanada, alitengeneza Bon voyage, Sim (1966), ambamo chura aliye rais anarejea kutoka ziarani na kupinduliwa. Hapo pia vikaragosi vinachekesha, na dola inahukumiwa.