Kabla ya Kodi

Watu wakiutaja mgomo wa Luanshya wa Mei 1935, husema ulikuwa wa kodi. Mimi niliyekuwapo, kijana wa Rungwe niliyekwenda Rhodesia ya Kaskazini kuchimba shaba, huanzia 1931.

Mwaka huo bei ya shaba ilikuwa imeporomoka dunia nzima. Migodi ya Bwana Mkubwa, Nchanga na Mufulira ikasimamishwa. Wafanyakazi Waafrika, waliokuwa kama 30,000 mwaka 1930, hawakufika 7,000 mwishoni mwa 1932. Tulioajiriwa baadaye tulikuta ujira umekwisha kukatwa: anayeanza kazi shimoni, aliyekuwa akipata shilingi 30 kwa tiketi ya zamu 30, sasa alipewa 22 na nusu. Mufulira ikafunguliwa tena, shaba ikatoka kwa wingi, ujira ukabaki palepale. Ukinung'unika, unaonyeshwa wanaosubiri kazi getini.

Kwa hiyo kodi ya wilaya za migodi ilipopandishwa ghafla, kutoka shilingi 12 na nusu hadi 15, ilikuwa njiti tu. Kuni zilikwisha kukauka.

Mufulira waligoma tarehe 22, Nkana tarehe 26. Chama cha wafanyakazi hatukuwa nacho. Habari zilipita mdomo kwa mdomo, na katika vikundi vya ngoma ya Mbeni, ile beni ya pwani iliyofika migodini na vyeo vyake vya kijeshi.

Asubuhi ya tarehe 29 sisi wa Luanshya tulijazana mbele ya ofisi ya kambi. Wazee wa makabila, waliowekwa kutusemea, walikuwa wamejificha ndani na mabwana. Kambini hakuna aliyewasikiliza tena. Polisi walikuwa wachache na wenye hofu. Mawe yakarushwa, kisha bunduki zikalia. Wenzetu sita walikufa.

Tume ya serikali ililaumu zaidi jinsi kodi ilivyotangazwa, kana kwamba ingetangazwa kwa upole tungekwenda zamu tukiimba. Wazee wa makabila wakaongezewa nguvu, badala ya kuruhusiwa chama, kilichokuja kupatikana 1949.

Mwaka 1940 wachimbaji Wazungu waligoma, wakaongezwa mshahara. Waafrika wakafuata, na huko Nkana 17 wakauawa. Safari hiyo hapakuwa na kodi mpya ya kusingizia. Walidai waziwazi kile tulichokuwa tukidai sisi: ujira.