Siku tatu chini ya Kitonga

Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo mkoani Iringa, mvua inaweza kumzuia msafiri bila kumlowesha. Bondeni jua linawaka, mibuyu imesimama kimya, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara vikisubiri wateja wa kwenye mabasi. Ukiinua macho kutazama juu, mlima haupo. Mahali pake kuna wingu zito la kijivu, na ngurumo za mbali.

Hapo ndipo, Jumanne moja ya mwezi Machi, alipofika mwanamume wa miaka 47 akiwa na baiskeli iliyofungwa begi mbili kwenye keria. Alikuwa ametoka Dar es Salaam Jumamosi, peke yake, akielekea nyumbani Njombe, safari ya kilomita takribani 700. Ni mtunza stoo, na hakupenda jina lake litajwe gazetini kwa sababu wenzake kazini bado wanamtania.

Safari ilianzia kliniki. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana presha. Akaanzishiwa dawa, akapunguza chumvi, na akashauriwa afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, naye akazipata kwa kwenda kazini kwa baiskeli. Alianza na kilomita sita, zikawa ishirini, kisha Bagamoyo na kurudi. Mwaka huu, binti yake wa kwanza alipokaribia kupata kipaimara Njombe, anakoishi na mama yake, baba akasema atakwenda kwa baiskeli. Kliniki walimpima, presha ilikuwa imetulia, wakamruhusu ilimradi aende taratibu na asiache dawa.

Mahesabu yake yalikaa vizuri kwenye karatasi. Jumamosi Chalinze, Jumapili Morogoro, Jumatatu Mikumi, Jumanne Mbuyuni, Jumatano Iringa, Alhamisi Mafinga, Ijumaa Makambako, Jumamosi Njombe. Kipaimara Jumapili. Siku tisa, vidonge tisa. Hakuweka siku hata moja ya mvua.

Mikumi, barabara inapokatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, alipakia baiskeli kwenye Canter. Kuna tembo na simba humo, na kupanda gari hakukumuuma hata kidogo. “Simba hakuna anayembishia,” anasema. “Lakini mvua niliiona kama kitu cha kushindana nacho.”

Jumatano aliamka saa kumi na moja alfajiri katika gesti aliyolala. Kitonga ilikuwa imefunikwa. Mama anayeuza chai jirani na hapo alimtazama anavyokaza kamba za begi, akamwambia, “Baba, leo usipande. Subiri mlima ujioneshe kwanza.” Akasubiri. Mlima haukujionesha siku nzima.

Anayeijua Kitonga kwa basi anaijua kwa kona zake na kwa nyani wanaokaa kwenye kingo wakisubiri kutupiwa chakula. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo. Hii ndiyo barabara kuu ya kwenda Mbeya, Zambia na Kongo, hivyo malori yenye shehena hupanda yakikokota na mengine hushuka yakipumulia breki. Katikati yake hakuna njia ya baiskeli. Siku ya ukungu, dereva anayekata kona hamuoni mtu anayesukuma baiskeli mpaka amfikie.

Kusubiri mahali penye jua ndiko kulikomtesa. Kila saa alijiona mvivu. Vijana wa malori walioshuka kunywa chai walisema huko juu kunanyesha na kuna baridi, naye akawasikiliza kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Jioni alikwenda kuangalia Mto Ruaha. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yakibeba matawi. Mvua ambayo hakuiona ilikuwa inapita mbele yake.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. Alitoka kukiwa na giza bila kumuaga mtu, akiwa na koti jepesi la mvua na fulana ya pamba ndani. Kwenye kona za mwanzo mvua ilimpokea, ndogo lakini yenye upepo. Alishuka akaanza kusukuma. Lori lilimpita likamwagia maji ya barabarani kuanzia kichwani. Akajibana kwenye mwamba kungoja lingine lipite, halafu lingine. Alipotaka kufungua begi atoe sweta, vidole vilikataa. Alishindwa kukamata zipu.

Wengi huamini baridi ya kuua ni ya Ulaya, kwenye theluji. Sivyo. Nguo zilizolowa zikichanganyika na upepo hunyonya joto la mwili haraka, hata mahali ambapo kipimajoto hakisomi namba za kutisha. Mwanzo mtu hutetemeka. Baadaye vidole hupoteza ustadi, ulimi unakuwa mzito na maamuzi yanaanza kuwa ya ovyo. Anayeacha kutetemeka huku bado amelowa hajapona. Huenda hali inazidi kuwa mbaya, na anahitaji msaada wa haraka.

Kilichomwokoa ni kwamba aligeuka wakati akili bado inafanya kazi. Alishuka akisukuma baiskeli, na saa moja na nusu asubuhi alikuwa tena mbele ya banda la chai. Mama yule hakumuuliza kitu. Alimpa kanga ajifunike, akamtuma kijana wake amsaidie kuvua nguo zilizolowa, kisha akamwekea chai ya moto yenye sukari. “Kunywa kwanza, baba,” akasema. “Maneno baadaye.”

Maneno yalipokuja yalikuwa machache. Mama huyo amekaa kando ya barabara hiyo miaka mingi na amewaona wengi wenye haraka. Alimwonya pia kuhusu mibuyu, kwa sababu siku hiyo mchana wingu lilishuka hadi bondeni na radi ikaanza kupiga. Mbuyu mkubwa unaonekana kama nyumba, lakini mti mrefu uliosimama peke yake ni mahali pabaya pa kujikinga na radi. Jengo imara au gari lililofungwa ni salama zaidi, na ni vyema kukaa humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho isikike.

Usiku huo ndipo alipohesabu vidonge. Vilibaki vitatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Akisubiri mlima ukauke kisha aendelee kwa baiskeli, angefika Njombe Jumanne, kipaimara kimepita na siku mbili za mwisho hana dawa. Akashika kidonge kimoja na wembe. Akivigawa viwili viwili, vitatu vinakuwa sita.

Alichofanya badala yake ni kumpigia muuguzi wa kliniki yake, aliyekuwa amempa namba. Jibu lilikuwa fupi: asikate dozi, asiruke siku, na asinunue dawa nyingine ya presha kwa kubahatisha eti zote ni za presha. Presha mara nyingi haina dalili, hivyo mtu anaweza kujisikia mzima huku ikipanda. Muuguzi akaongeza swali moja: “Kwa nini hukuchukua za akiba?” Hakuwa na jibu, zaidi ya kwamba aliamini ratiba yake.

Ijumaa asubuhi mvua ilipungua, lakini ukungu ulibaki na foleni ya malori ilianza kusogea. Mke wake alipiga simu. Alikuwa anajua kuhusu mvua. Kuhusu kona za Alhamisi alikuwa hajaambiwa, na mumewe akaamua kumwambia. Upande wa pili ulikaa kimya kwa muda.

“Baba watoto,” hatimaye alisema, “huyu mtoto hajaomba uje kwa baiskeli. Ameomba uje.”

Jumamosi alipanda basi. Baiskeli aliiacha kwenye stoo ya vitunguu ya jirani yake yule mama wa chai, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Alilipia siti ya dirishani. Kitonga waliipanda polepole nyuma ya lori, ukungu ukigusa vioo. Kwenye kona alipojibana Alhamisi alitafuta sehemu aliyosimama, akaiona: ukingo mwembamba, usiotosha hata mtu na ndoo. Hakumwambia aliyekaa naye. Ilula wakauziwa nyanya, Iringa wakanyoosha miguu, na Njombe wakafika giza limeingia.

Jumapili alisimama nyuma ya binti yake kanisani akiwa amevaa suti na viatu vya kuazima, kwa sababu vyake vilikuwa bado vimelowa. Jumatatu alikwenda hospitali na daftari lake la kliniki, akapimwa, akaandikiwa dawa za mwezi mzima.

Likizo ilikuwa imebaki wiki. Jumatano alirudi Mbuyuni kwa basi. Kijana wa stoo alikuwa ameipaka cheni mafuta bila kuombwa. Alhamisi asubuhi, wiki moja kamili tangu aliporudishwa na mvua, Kitonga ilionekana yote kuanzia chini hadi juu, kijani, na barabara imekauka. Mama wa chai alimfungia maandazi kwenye gazeti. Sehemu kubwa ya mlima aliipanda kwa miguu, akisukuma, akisimama kando kila lori lilipopita. Juu kabisa alikaa akanywa maji na kutazama bonde alilokuwa amefungiwa. Kutoka pale juu, mibuyu ilionekana midogo kama mboga.

Alifika Njombe Jumapili jioni. Sherehe ilikuwa imeshapita na wageni wameondoka. Mkewe alikuwa anachambua maharage barazani, akasogeza kigoda. Binti alitoka na maji ya kunawa, akaizunguka baiskeli akiangalia matope ya njia nzima, akauliza kama naye anaweza kujifunza.

Siku hizi dawa zake huziweka sehemu mbili, nusu kwenye begi na nusu mfukoni, na huchukua za siku tano zaidi ya safari. Kwenye karatasi ya ratiba, katikati ya majina ya miji, huacha mistari miwili mitupu. Wenzake kazini wakimuuliza huko ni wapi, huwajibu kwamba huko ni mvua.