Masanga ya Mwenda Jean-Bosco: ipi ndiyo yenyewe?

Tulipoombwa kuandika juu ya muziki wa wazee, wenzetu walifikiri tutaleta habari za ngoma. Ngoma zimekwisha kuandikiwa sana, tena wanaozijua kutupita sisi wapo. Sisi tumechagua gita, na kwa upande wa gita tumechagua mtu mmoja: Mwenda Jean-Bosco, aliyejiita Mwenda wa Bayeke. Tunajua kuna watakaouliza gita ya wazungu inaingia wapi katika kitabu cha mila. Tuliulizwa hivyo hata mkutanoni. Tulijibu kwamba muhogo nao ulitoka ng'ambo ya bahari, na bado hatujasikia mtu hapa Zongwe akikataa bukari kwa sababu hiyo.

Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, ambaye watu wake walitoka upande wa Unyamwezi. Kwa hiyo hata ukoo wake una alama ya njia zile za zamani za misafara, ambazo Kiswahili chetu nacho kilizipitia. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo. Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 tu. Sahani zikatoka kwa jina la Gallotone, na Masanga ikaenda mbali sana. Mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, anapiga gita kwenye radio na kutangaza Aspro, dawa ya kuumwa kichwa (mwenzake Edouard Masengo yeye alitangaza Coca-Cola, kila mtu na bahati yake). Mwaka wa 1969 alipiga Marekani kwenye sikukuu ya Newport. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia.

Sisi tulimsikia kwanza nyumbani kwa baba, kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Baba alikuwa na sahani chache alizozipata Albertville, kabla mji haujaitwa Kalemie, na alizifunga ndani ya kitambaa kama vile mtu anavyofunga mayai. Watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Tuliruhusiwa kuzungusha mkono wa gramafoni, basi. Na kwa miaka mingi tuliamini kwamba kwenye Masanga kuna watu wawili wanaopiga gita, mmoja chini na mmoja juu. Kaka yetu mkubwa alisema ni watatu. Baadaye tulipoambiwa kwamba ni mtu mmoja, tena anatumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, hatukukubali.

Kila mtu nyumbani alikuwa na wimbo wake. Mama alipenda Mama na Mwana, na tusifikiri ni kwa sababu ya jina tu. Alisema gita ile inatembea kama mtu asiyekuwa na haraka. Kaka alipenda Bombalaka. Sisi tulibaki na Masanga, na mpaka leo tukiulizwa wimbo mmoja wa kubeba kaburini tutataja huo. Sababu si maneno. Kuna Masanga ya kuimba na kuna Masanga ya gita peke yake, bila sauti ya mtu, na sisi tunapenda zaidi hii ya pili. Kidole gumba kinashika njia, hakiachi. Cha shahada kinakwenda kulia, kinarudi, kinaingia pahali ambapo hukukitegemea, na ukifikiri sasa kimepotea unakuta kimekwisha kufika nyumbani mbele yako. Hata jina lenyewe linaleta ubishi. Wanaojua Kilingala wanasema masanga ni pombe. Mzee mmoja tulipomuuliza alicheka, akasema: « Muulizeni gita. »

Mzee huyo ndiye sababu ya sisi kuandika. Alikuwa amefanya kazi ya reli Kalemie, na alipopata pensheni alirudi hapa Zongwe kandokando ya ziwa, akaja na gita kavu, yaani gita isiyo ya umeme. Sisi wote tulimwita Baba Mukubwa. Uzi wake wa sita ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Hakuwa anaukaza kama wapiga gita wa kanisani wanavyofanya. Kwa nyimbo kadhaa za Bosco aliupandisha juu kidogo, ndipo anaanza. Alisema bila hivyo Masanga inakuwa na njaa.

Tulikuwa na mpango mzuri, au tulidhani ni mzuri. Shirika letu lilitaka vijana wajifunze nyimbo tano za zamani, wazipige siku ya sikukuu, na baadaye ziandikwe na kuhifadhiwa. Masanga iliwekwa ya kwanza. Baba Mukubwa alikubali kufundisha chini ya mwembe wake kila Jumamosi, bila malipo, ila tu tumletee mawe ya radio.

Siku ya kwanza alituuliza: « Batoto, munataka Masanga gani? Ya asubui ao ya mangaribi? » Tulicheka, tukafikiri ni mchezo. Haikuwa mchezo. Ya asubuhi ilikuwa nyepesi, ya magharibi ilikuwa nzito na ilichelewachelewa. Jumamosi iliyofuata akaleta ya tatu. Tulinasa zote katika simu, na tuliporudi nyumbani kuzilinganisha hatukuweza kusema ni wapi moja inakwisha na nyingine inaanza.

Shida ilianza wakati kijana mmoja, tena hodari, alipoipata Masanga ya 1952 katika simu yake na kujifunza mwenyewe usiku. Akaja nayo Jumamosi. Mzee alipopiga, kijana akasema: « Baba Mukubwa, hapa mumekosa. Mu simu haiko hivi. »

« Mu simu nani anapiga? »

« Bosco. »

« Na Bosco alipiga gita siku ngapi mu maisha yake? Hiyo mu simu ni siku gani? »

Kijana akanyamaza. Ingeishia hapo, lingekuwa somo zuri. Lakini sisi wakubwa, sisi wa kamati, tuliona tuamue. Sikukuu ilikuwa karibu, vijana wanne walikuwa wanapiga Masanga nne. Tukamwendea mzee jioni, kwa heshima zote, na chumvi na sukari mkononi, tukamwomba achague moja ambayo tutaiandika kuwa ndiyo yenyewe. Na kama ikikubaliana na ile ya sahani, tulisema, itakuwa vizuri zaidi. Hakukasirika kwa sauti. Alitushukuru kwa sukari. Jumamosi iliyofuata tulikuta kiti chini ya mwembe, gita haiko. Alituma mjukuu wake kusema: « Babu anasema ile ya sahani munayo, sasa munamutafutia nini? »

Hatukujua la kufanya. Wengine kati yetu walisema ni kiburi cha uzee. Tunakiri kwamba nasi tulisema hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Miezi ikapita. Mtoto wa dada yetu anayesoma Lubumbashi alikuja likizo, na yeye anapenda jazz, si jazz ya majina ya orkestra zetu kama African Jazz na OK Jazz, bali ile ya Wamarekani, tena ile ngumu ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza anafikiri wanagombana. Alituletea habari ya John Tchicai, mpiga saksofoni aliyezaliwa Copenhagen mwaka wa 1936, mama Mdenmark, baba Mkongo. Tulifurahi kusikia kwamba mtoto wa Mkongo alikuwa kati ya wale waliogeuza muziki huo juu chini. Tarehe 28 Juni 1965 Tchicai alikuwa mmoja wa wapiga kumi na mmoja ambao John Coltrane aliwakusanya kwa kazi inayoitwa Ascension. Waliipiga mara mbili siku hiyohiyo. Sahani ikatoka na upigaji mmoja, na baada ya miezi michache upigaji ule ukaondolewa, ukawekwa ule wa pili, jina lilelile, jalada lilelile. Watu wawili wangeweza kununua sahani moja na kurudi nyumbani na muziki tofauti. Leo zote mbili zinauzwa pamoja, na wenye kuipenda kazi hiyo wanasikiliza zote.

Ascension yenyewe, kusema kweli, hatukuimaliza. Mbuzi wa jirani walikimbia. Lakini habari ile ilitukaa kichwani. Tukakumbuka pia kwamba David Rycroft, aliyeandika gita ya Bosco noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka wa 1961 na 1962, katika kichwa cha maandishi yake hakutaja nyimbo. Alitaja utungaji wa papo hapo. Msomi anayesikiliza sahani mbali na Katanga alikuwa ameelewa jambo ambalo sisi, tuliokaa chini ya mwembe mita mbili kutoka kwa mzee, tulilikataa. Na John Low, aliyekuja Shaba kuwatafuta Bosco na wenzake na kutoa kitabu cha safari hiyo mwaka wa 1982, hakutegemea sahani tu. Alikaa mbele ya wazee, akatazama vidole.

Tulirudi kwa Baba Mukubwa, safari hii bila sukari. Tulimwomba radhi. Alitukaribisha, tukaongea juu ya bei ya ndagala, juu ya mvua, juu ya reli ilivyokuwa zamani. Alisema mikono inamuuma. Mwisho kabisa akachukua gita, akapiga labda dakika nne. Ilikuwa Masanga, lakini si ya asubuhi wala ya magharibi. Katikati alisimama, akakaza uzi wa sita, akakohoa, akaendelea pale alipoachia kama vile kukohoa nako kulikuwa ndani ya wimbo. Mmoja wetu alikuwa amefungua simu. Zile tatu za kwanza zilikwisha kupotea pamoja na simu iliyoanguka ziwani, kwa hiyo hii ndiyo peke yake tuliyo nayo. Alifariki kabla ya mvua kwisha.

Sikukuu ilifanyika. Vijana wanne walipiga Masanga nne, mmoja baada ya mwingine, na wasikilizaji wengine walilalamika kwamba wimbo unarudiwa. Yule kijana wa simu alipiga wa mwisho. Alianza kama sahani ya 1952, na katikati akasimama, akakaza uzi, akaendelea.

Mama mjane wa marehemu ametuachia gita ile. Inakaa kwetu, imefungwa katika kitambaa. Waya wa breki ulikatika siku ya matanga, na Kalemie tulikouliza wanauza nyuzi za gita ya umeme tu. Mwenye baiskeli ya zamani asiyeitumia atufikirie.