KOSA LA MASHINE, LAWAMA YA MTOTO

Wahenga walinena kuwa mnyonge hana haki. Neno hilo lilikaribia kutimia katika nyumba ya sajini mmoja wa polisi aishiye kambini na jamaa yake, na mnyonge mwenyewe alikuwa mwanawe wa miaka 13.

Mke wa sajini hupiga chapa barua, maombi ya kazi na mitihani ya shule kwa kompyuta ya mezani waliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ujira huo ndio ununuao sabuni, mafuta na madaftari. Siku moja mtihani wa kurasa 9 ulikataa kufunguka. Juma lililofuata mashine ilizimika yenyewe mara tatu. Kwa kuwa kijana ndiye aliyeitumia jioni, hukumu ilitolewa papo hapo: asiiguse tena. Fundi mmoja aliitazama, akasema kumbukumbu zake zimekufa, zinunuliwe mpya. Sajini akaanza kuhesabu fedha za karo ya kijana huyo huyo.

Fundi hakusema hayo bila ushahidi. Ipo programu ya kupima kumbukumbu, ambayo asili yake ni kazi ya Chris Brady aliyoianza mwaka 1994. Huandika alama za sifuri na moja katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha huzisoma tena. Kilichosomwa kikitofautiana na kilichoandikwa, kosa hutangazwa kwenye kioo pamoja na anwani ya chumba hicho. Fundi aliiendesha kwa viini vyote vinne vya kichakataji, na makosa yakajipanga kwa rangi nyekundu.

Jumamosi alifika kaka wa mama, koplo katika kikosi cha mawasiliano. Aliposikiliza yote, aliuliza jambo moja tu: "Shemeji, je, imekwisha kupimwa kwa kiini kimoja?" Haikuwa imepimwa hivyo.

Usiku huo aliipima kwa kiini kimoja. Hadi alfajiri hapakutokea kosa hata moja. Mama alifurahi, lakini kaka yake akamzuia. Daraja bovu, alisema, humvusha askari mmoja salama. Ubovu wake huonekana kikipita kikosi kizima. Viini vinne vikiomba kumbukumbu kwa wakati mmoja, kazi huongezeka, joto hupanda, na umeme huvutwa zaidi. Udhaifu uliojificha ndipo hujitokeza. Hata hivyo, kosa la namna hiyo halithibitishi kwamba kumbukumbu ndizo mbovu. Huenda hata programu ya kupimia, au ile ya kuiamsha mashine, haielewani vema na viini vingi.

Basi akaanza uchunguzi, akibadilisha jambo moja kwa kila jaribio, huku kijana akiandika matokeo daftarini. Kwanza alitumia toleo jipya la programu hiyo kwa viini vinne, makosa yakarudi. Pili, alizima umeme, akachomoa vipande viwili vya kumbukumbu, akavifuta miguu yake kwa kifutio laini na kuvirudisha, makosa yakabaki. Tatu, alipima kila kipande peke yake, katika tundu lile lile, kwa viini vinne. Vyote viwili vilifaulu.

"Mjomba," kijana aliuliza, "kama kila kimoja ni kizima, mbona vikiwa pamoja vinakosea?"

Jibu lilipatikana katika mipangilio ya mashine. Vipande hivyo havikuwa vya namna moja, navyo vilikuwa vimewekewa mwendo wa 1600, ambao vikiwa pamoja havikuweza kuuhimili. Koplo aliushusha hadi 1333, akapima kwa viini vinne usiku kucha. Kulipopambazuka, hesabu ya makosa ilikuwa sifuri. Hakuna shilingi iliyotumika.

Si kila mashine itapona kwa njia hiyo. Kosa likikifuata kipande kimoja katika kila tundu, kipande hicho kibadilishwe. Likibaki katika tundu moja, hata kipande kikibadilishwa, ubao mkuu ushukiwe. Viini vikipimwa kwa zamu na kosa likatokea kwa kimoja tu, kichakataji chenyewe kichunguzwe. Na mashine ikiganda kwa viini vingi bila kutaja kosa lolote, programu ya kuiamsha ihuishwe kabla ya kununua chochote. Kadhalika, kumbukumbu ikikosea huharibu maandishi kimya kimya. Kwa hiyo yafaa kazi isimamishwe hadi uchunguzi umalizike, na nakala zihifadhiwe mahali pengine.

Mtihani ule haukuokoka; mama aliupiga chapa upya kwa usiku mbili. Karo ililipwa kwa wakati. Lakini sajini, ambaye kazini hamfungi mtu bila ushahidi, alijua kwamba nyumbani alikuwa amefunga. Alimwita kijana mbele ya mjomba wake, akamwambia, "Mwanangu, nilikuhukumu kabla ya kuchunguza. Nisamehe."

"Yamekwisha, baba," kijana alijibu, akaenda kuiwasha mashine.